Mama Hakunitoroka

Mama yangu hakuwahi kunitoroka. Mtaani kwetu Nzuguni, akina mama wengi waliokuwa na safari walisubiri mtoto asinzie, kisha wakapita mlango wa nyuma, naye akaja kugundua mwenyewe. Mama aliniamsha. Nilikuwa sijaanza shule, upepo wa kipupwe ulileta vumbi hadi ndani ya vyombo, na nyumba nzima ilinukia karanga mbichi alizozifuata kwao Kondoa ili aziuze sokoni. Alinikalisha juu ya gunia tupu, akauliza, "Nikifika Kondoa nitafanya nini?"

"Utanunua karanga."

"Halafu?"

"Utalala kwa bibi."

"Halafu?"

"Utarudi."

Nililia hata hivyo. Jirani yetu Mama Rehema, niliyekuwa nikiachwa kwake, alimcheka Mama: "Unajitafutia kelele tu. Ungemtoroka, saa hizi ungekuwa Haneti, nusu ya njia!"

Aliporudi, kabla hata ya kushusha magunia yote, Mama alitaka habari za kilio changu: nililia nikiwa wapi, nani alinibembeleza, nilinyamaza nilipoona nini. Safari moja lori liliharibika njiani, akakosa kufika siku aliyosema. Alipotokea kesho yake nilimpa mgongo.

"Jana ulisemaje niliposhindwa kuja?"

"Nilisema mama mwongo."

Mama Rehema akashika mdomo. Mama akacheka, akaketi palepale kizingitini na vumbi lake. "Haya, mwongo wako amelala Haneti juu ya magunia, baridi inamng'ata. Wewe ulikula nini?" Nikamwambia ugali na mlenda. Akauliza kama mlenda ulikuwa na karanga. Tukaendelea hivyo hadi nikajikuta mapajani mwake.

Sasa nyumba hiyohiyo ina umeme na vigae, Mama ametulia na biashara ameiacha, na mimi ndiye ninayesafiri. Ofisi inanipeleka Dar es Salaam kwa mafunzo. Asha, dada anayetusaidia kazi, ameninong'oneza: "Dada, pitia jikoni, mimi nitamwashia katuni." Nimemkalisha binti yangu Nasra juu ya begi, nikamuuliza nitafanya nini nikifika. Amejibu yote vizuri, mpaka "utarudi". Kisha akaniuliza yeye: "Na gari likiharibika?"

Nimemwambia nitapiga simu, nitachelewa, nitakuja. Mama anamenya karanga pembeni, anasikia kila neno, hanisaidii. Gari linapiga honi nje. Nasra bado amekalia begi, ananitazama.