Faili Nililolifuta Likakataa Kuondoka

Nililifuta lile faili la wimbo kwa mkono wangu. Likapotea machoni, lakini diski ikabaki imejaa vilevile.

"We Bubu, umefuta au unaichekea kompyuta?"

Huyo ni Spika, fundi wa sauti wa studio yetu. Jina kalipata kwa kelele zake. Mimi kaniita Bubu kwa sababu kusema naona haya. Niliingia pale kufagia, nikaishia kunakili mafaili.

"Nimefuta, kaka."

"Nafasi iko wapi? Wanakwaya kumi na wawili wako kwenye benchi, niwarekodi kwenye kiganja?"

Nikamwaga hadi pipa la taka la kompyuta. Wapi! Nafasi haikuongezeka. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira.

Spika akasema dawa anaijua: kuzima na kuwasha.

Mara mlango ukafunguliwa. Akaingia mama aliyerekodi jana, shingoni kafunga kitambaa. Mchana ule alikuwa anakwenda kupasuliwa koo, na daktari alishamwambia sauti haitarudi. Alikuwa ameimba wimbo mmoja tu, wa kumwachia binti yake.

"Wimbo wangu, wanangu. Gari linanisubiri."

Spika akachomeka flashi aliyoniambia ameshauhamishia huko. Akabonyeza. Wimbo ukalia sekunde kumi na moja, ukakatika. Kunakili kuliishia njiani.

Uliokuwa mzima ni ule nilioufuta mimi.

"Bubu, umeniua!"

"Si wewe uliyesema nifute?"

"Nilisema uhakikishe kwanza!"

Uongo mtupu.

"Kuna tatizo?" mama akauliza taratibu.

Spika akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima kompyuta. "Labda ikiwaka litarudi."

"Usiguse!"

Hata mimi nilishtuka. Sijawahi kumpigia mtu kelele.

Jambo moja lilikuwa linanikera tangu mwanzo. Kama faili limeondoka, nani anaikalia nafasi yake?

Kwenye daftari langu niliwahi kunakili, herufi kwa herufi, amri inayoonyesha programu ipi imeshika faili lipi: lsof. Nikaiandika. Orodha ikamwagika. Nikaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, Spika akinipumulia kisogoni.

"Unapoteza muda, Bubu."

Nikalikuta. Jina la wimbo, na pembeni alama kwamba limefutwa. Lakini bado limeshikwa, na programu ya kuchezea muziki.

"Nani kaifungua hii?"

Spika akanywea. Asubuhi aliusikiliza wimbo, akausimamisha, akalificha dirisha la programu, akasahau. Na alikuwa ameapa kafunga kila kitu!

Kumbe kompyuta hailitupi faili kabisa mpaka aliyelishika aliachie. Ule ubishi wa diski uliotutoa jasho ndio uliotuokoa. Angezima, basi tena.

Nikaunakili wimbo kupitia namba ya ile programu iliyokuwa kwenye orodha, moja kwa moja kwenye flashi. Nikaucheza wote, hadi mwisho.

Mama alisikiliza kafumba macho.

"Hapo katikati nimekohoa."

"Naweza kukata hapo, mama."

"Usikate. Ndivyo anavyonijua."

Akaondoka na flashi mkononi.

Wewe unayesoma, kitu kikigoma kuachia, usikimbilie kuzima. Tafuta kwanza nani kakishika. Na mtu akikuambia ameshahamisha, mwambie akuchezee mpaka mwisho ndipo ufute, hata kama unaona haya kumwambia.