Swali Alilotufundisha Kabula

Nina jirani hapa Shinyanga mjini, Mama Rehema, ambaye kila jioni hutwanga vitunguu saumu kwenye kinu kidogo cha chuma. Ko, ko, ko. Mwanamke mpole, hana kosa lolote, lakini mlio ule ukianza mimi huongeza sauti ya redio. Nimemwambia napenda sana taarifa ya habari. Uongo mtupu. Namkimbia Kabula.

Tulisoma pamoja darasa la sita, kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Nyumbani tulisema Kisukuma, shuleni Kiswahili cha kuungaunga, na Kiingereza tulikiona ubaoni tu. Ndipo akaja Mwalimu Tereza, akageuza madawati yakatazamana, akatugawa makundi mawili. Kila kundi litunge mazungumzo ya Kiingereza, kila mtoto afungue mdomo, na siku ya Ijumaa tushindane mbele ya darasa. Maskini, hakujua amewagusa wapi watoto wa Kisukuma. Sisi makundi mawili yakishindana, hiyo ni ngoma. Kengele ya mapumziko ilipolia tulishajiita Wagika na wenzetu Wagalu, kama vikundi viwili vya ngoma vya wazee wetu, na mimi, mpenda amri tangu nizaliwe, nikajitawaza kiongozi.

Kikundi cha ngoma lazima kiwe na ningi, yule anayeongoza nyimbo. Ningi wetu alikuwa Kabula. Alikuwa akitushika kidevu tukitafuna maneno, anatuamuru turudie. Mimi niliyeogopa hata kuitikia salamu ya mwalimu, kwa ajili yake nilianza kutoa sentensi nzima, na jamani, nilijiona mtu.

Baada ya masomo Kabula alikwenda kumsaidia mama yake kutwanga mawe ya dhahabu. Wanawake waliketi mstari mmoja, kila mtu na kinu chake cha chuma, wakiponda mawe makavu mpaka yawe unga. Alirudi mweupe hadi kope. Tulimtania kwamba ameshakuwa Mzungu, ndiyo maana Kiingereza kinampenda.

Halafu sauti yake ikaanza kukwama. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu, hakiishi. Na wiki hiyo mwalimu mkuu mwenyewe angekuja kutusikiliza. Sisi hatukuwa na shaka hata kidogo: Wagalu wamemtupia dawa. Kwenye ngoma mambo hayo yapo, kila mtu anajua. Nikaiba kipande cha mzizi kwenye mkoba wa babu, aliyekuwa mchezaji ngoma enzi zake, nikamtafunisha. Kisha nikatoa amri: asikohoe mbele ya Mwalimu Tereza, maana akisikia atampumzisha.

Jumatano, tukirudi nyumbani, Kabula alisimama njiani.

"Kwandu, kifua kinaniuma kweli. Nimwambie Mwalimu?"

"Ukimwambia umetuuza," nikamjibu. "Vumilia mpaka Ijumaa."

Akavumilia. Mwalimu akikaribia kundi letu, mmoja aliburuta dawati, mwingine alisoma kwa kelele, ili kikohozi kisisikike. Mwalimu akatusifu kwa ushirikiano.

Ijumaa mazungumzo yetu yalikuwa ya hospitali. Mimi mgonjwa, nimelala juu ya madawati mawili. Kabula daktari, na kanga ya mama yake begani kuwa koti. Aliniinamia, jasho linamtoka, akaniuliza kwa Kiingereza kilichonyooka, unaumwa wapi? Nikasema tumbo. Darasa likapiga makofi, tukashinda. Nilipomsimulia bibi, alisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Nikadhani anawasema Wagalu.

Jumatatu Kabula hakuja. Alipelekwa hospitali Geita, akarudi, akapelekwa tena. Tulimzika kabla ya mitihani ya mwisho wa mwaka.

Msibani wanawake walinong'ona, mficha maradhi, kilio humuumbua. Mama Kabula aliwasikia, akainamisha kichwa. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji, na nilijua kwamba Kabula hakuficha kitu. Niliyeficha ni mimi. Sikusema neno. Aibu ile ninayo mpaka leo, wala haijapungua.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kuelewa kwamba vumbi la mawe huingia kifuani likakaa humo. Hakuna Mgalu aliyemroga. Sijui kama Kabula angepona lau Mwalimu angejua Jumatano ile. Pengine angepona, pengine mambo yalishachelewa. Nimelipima hili miaka yote na sijapata jibu.

Ninachojua ni hiki. Lile swali la daktari tulilifanyia mazoezi wiki nzima, watoto wanane, mpaka kila mmoja wetu akaweza kulitamka bila kukwama. Hakuna aliyemuuliza Kabula. Yeye alinijibu bila kuulizwa, nami nikamwambia anyamaze.