Mawese Katika Taa ya Ba

Spesiosa hakuwa mtu wa kuogopa moto. Mwanamke aliyekulia Kagunga, akipika na kukaanga dagaa tangu yu mtoto, ataogopaje moto? Lakini juma lile kulikuwa na kimoto kimoja, kidogo cha ukubwa wa punje ya hindi, kilichomnyima raha mpaka majirani wakamuuliza anaumwa nini.

Moto wenyewe ulikuwa wa Ba. Ba ndivyo watu wa kwao, Wahindi wa Kigujarati, wanavyomwita mama, na kwa kuwa wanawe walikuwa wakilipaza jina hilo kutwa nzima, mtaa mzima wa Ujiji ukalidaka: Waha, Wamanyema, Warundi, hadi mwadhini wa msikiti wa pale kona. Alizaliwa Ujiji, akaolewa Ujiji, na mumewe aliyekuwa akiuza khanga, alipofariki, alichomwa hapa hapa kwa desturi yao, majivu yake yakatiwa ziwani. Zamani, sikukuu yao ya Navaratri ikifika, uani kwa Ba palikuwa hapatoshi. Wanawake walicheza kwa duara wakigonganisha vijiti, majirani wakichungulia juu ya ukuta, mwisho wanaingia nao, mpaka wakawepo Wamanyema waliozijua hatua kuliko wenye ngoma. Siku hizi Wahindi wenzake wameondoka, nyumba zao zimegeuzwa stoo za saruji. Katika sikukuu nzima imebaki taa.

Na Spesiosa alibaki pia. Alikuja miaka kumi na tisa iliyopita kufua nguo kwa siku moja tu, na siku hiyo haijaisha mpaka leo.

Mwezi wa tatu Ba alianguka bafuni akavunjika nyonga. Jayant, mwanawe aliyeko Dar es Salaam, akaanza kupiga simu kila asubuhi. Ba masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo simu yake hupaza sauti, na nyumba nzima inasikia.

"Nani atakuangalia huko, Ba? Yule dada?"

"Ndiye."

"Huyo hata taa ya Navaratri hawezi kukulindia. Itazimika, halafu atakuficha. Atakudanganya mchana kweupe na wewe umelala."

Ba akakasirika. Na Ba akikasirika, jamani, huwa hapimi maneno. "Haya! Ailinde yeye, siku zote tisa. Ikizimika, nakuja Dar bila neno. Isipozimika, hiyo Dar yako usinitajie tena mpaka nife."

Na Spesiosa je, aliulizwa? Thubutu! Alikuwa jikoni anachambua mchele, ndipo akasikia kwamba watu wawili wamemweka yeye rehani. Ungo ukamponyoka. Ba akiondoka, yeye angerudi wapi? Lakini si kupoteza chumba chake cha uani kulikomuumiza. Alimpenda yule bibi, basi. Alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Sheria ya taa ni nyepesi kusema. Ni bakuli la shaba, utambi wa pamba, na samli ya ng'ombe. Inawashwa siku ya kwanza, na haiguswi na kiberiti tena mpaka siku ya tisa imekwisha. Unaongeza samli, unasogeza utambi, unafunga dirisha upepo wa ziwa ukiamka. Spesiosa alitandika mkeka wake pale chini ya taa, nyuma ya pazia la chumbani kwa Ba, akawa halali, anasinzia tu kwa kuibia.

Winfrida, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani kwa Spesiosa, alimkuta mlangoni akamvuta pembeni. "Mkristo mzima, unawalindia Wahindi moto wao?"

"Dada Winfrida, mimi namlinda Ba. Taa ni yake, rozari yangu ni hii hapa shingoni."

Winfrida akaguna, akaenda zake.

Siku tano zikapita salama. Siku ya sita, Jumanne, Spesiosa alikuwa akimnyanyua Ba kumketisha kitini, kiwiko kikagonga kopo la samli lililokuwa juu ya meza ndogo. Samli karibu yote ikamwagika kwenye vumbi la sakafu. Ba alikuwa amefumba macho kwa maumivu, hakuona. Na Spesiosa, Mungu amsamehe, akanyamaza. Samli ya ng'ombe huletwa na mama mmoja wa Kasulu kila Jumamosi, na Jayant angefika na kopo jingine Alhamisi, siku ya nane. Akakomba iliyobaki koponi, akaitumia kijiko kwa kijiko. Jumatano jioni ya koponi ikaisha, ikabaki iliyomo bakulini, ya usiku mmoja tu.

Ndipo akakumbuka mawese. Kwao Kagunga, mafuta ya taa yakikosekana, mama yake aliwasha koroboi kwa mawese na watu wakala, wakasimuliana, wakalala. Mtu wa Kigoma ashindwe kuwasha taa na mawese yamo dumuni jikoni? Alhamisi asubuhi akamimina. Kimoto kikasimama vizuri tu, na Spesiosa akajiona mjanja.

Alichosahau ni hiki: mama yake alikuwa akiyachemsha kwanza, mpaka maji yaishe na mashapo yakae chini. Yeye aliyachota mabichi, tena kutoka mwisho wa dumu, kwa sababu Ba alikuwa anaita kuogeshwa.

Saa tatu, akiwa anamfuta Ba mgongo, akasikia taa inatatarika upande wa pili wa pazia. Akaacha kitambaa, akakimbia. Mana yanje, Mungu wangu! Utambi ulikuwa mweusi, umeganda ukoko, na uzi wa moshi ulikuwa unapanda taratibu kuelekea kwenye picha ya Mama Mungu wao. Akakaa chini bila kutaka.

"Spesi," Ba akaita. "Taa?"

"Ipo, Ba."

Ilikuwepo kweli, si uongo, bakuli liko pale pale. Barabarani gari likasimama, mlango ukafungwa, na Spesiosa akaijua sauti ya Jayant akimshukuru dereva. Akatoa kiberiti mfukoni. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka. Akaukwangua utambi kwa ukucha, akauwasha, akakitia kiberiti chini ya mkeka. Jayant alipovua viatu akaingia, kimoto kilikuwa kimesimama wima, hakina habari.

Jayant si mtu mbaya, tusimwonee. Alimgusa mama yake miguu, akashika kichwa kwa kuona alivyokonda. Kisha akaenda mbele ya taa, akasimama muda mrefu. Spesiosa alikuwa ameshika mlango.

"Haya," Ba akasema kutoka kitandani. "Siku ya nane. Umeona mwenyewe."

"Naona inawaka, Ba. Sijui kama haijazimika."

"Aliyekaa nayo si mimi. Muulize."

Jayant akageuka. Hakupandisha sauti, na hilo likawa baya zaidi. "Dada Spesiosa. Mimi ningekuwa wewe, ningesema haijazimika. Nakuuliza kwa huyo Mungu wako uliyemvaa shingoni. Imezimika?"

Neno moja tu lilihitajika. Hapana. Jayant angerudi Dar, Ba angebaki, kesho angemwogesha, na keshokutwa, na Krismasi Ba angemtania kama kila mwaka kwa kukaanga samaki nyumba ikanuka. Nani angejua? Kiberiti hakisemi. Akamtazama Ba. Ba alikuwa anamtazama kwa tumaini, macho yamemtoka, na ni macho yale yaliyomshinda.

"Imezimika," akasema. "Leo, saa tatu. Nilimwaga samli nikaficha, nikatia mawese. Nimeiwasha kwa kiberiti. Kiberiti kiko chini ya mkeka." Akaanza kulia. "Nisamehe, Ba. Nimekuuza."

Jayant, aliyeshinda, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Ba," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo, "tunaweza… ile ilikuwa hasira tu. Tuseme tulitaniana."

"Hatukutaniana," Ba akasema. "Huyu kaulizwa kwa Mungu wake, akasema kweli ikamuumiza. Mimi mwenye taa nitasemaje uongo? Nitakuja Dar. Sikukuu ikiisha, funga mizigo."

Spesiosa akapiga magoti kando ya kitanda. "Ba, ningesema hapana! Ningesema tu hapana, ungebaki!"

"Ningebaki, ndiyo." Ba akamwekea mkono kichwani, mkono ule mwepesi usio na nyama. Machozi yalikuwa yanamtoka naye, hakuyafuta. "Lakini ningebaki na nani?"

Kule nyuma ya pazia, taa ikaanza tena kutatarika.

"Haya, amka," Ba akasema. "Siku bado mbili. Jayant, mpe mwenzio samli."

Jayant akafungua begi, akalitoa kopo, akampa Spesiosa kwa mikono miwili.