Tulivyopanga Kumpiga Picha Marehemu

Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Hata leo ukiniletea hadithi hizo nitakukatiza kabla hujakaa vizuri. Lakini hili niliona mwenyewe, tena kamera ilikuwa yangu.

Ilikuwa Juba, miaka ile baada ya mkataba wa amani, watu wakirudi kutoka Uganda na magodoro juu ya malori, na sisi Wakenya tumejazana kwenye mabenki. Mimi nilikuwa kaunta. Rafiki yangu wa mtaa wa Lemon Gaba alikuwa muuza vitambaa. Alilelewa kambini Uganda, na mama yake alifia huko kabla yeye hajajua kutembea. Picha ya mama haikuwepo hata moja. Watu wazima walimwambia tu kwamba wamefanana kama shilingi kwa ya pili.

Basi akaja na wazo lake. Avae kama mama alivyovaa usiku wa ngoma ya mbalamwezi alipokutana na baba, ajipake, amwigize, nami nimpige picha usiku wa mwezi mpevu, ili ukutani iwepo sura ya mama.

"Mimi iko na mama moja, dada, na uso yake sijui," aliniambia.

Ningekataaje? Mjini kamera ilikuwa kesi; askari angekuhoji mpaka usahau ulichokuwa unapiga. Tukapanga iwe Jumamosi, nyuma ya nyumba yao, chemli upande mmoja na mwezi upande wa pili.

Shida ni kwamba hatukujua mama alivaa nini. Aliyejua ni baba yake peke yake, mzee mpole, macho yameingia ukungu lakini yeye akimtambua binti yake kwa kusikia nyayo tu. Tukaamua iwe siri, tumshangaze na picha. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu waliokulia mbali na kwao: ukikosa wa kukufundisha, unachota kwa huyo mmoja aliyebaki mpaka unafika kwenye tope.

Kila jioni nikitoka kazini tuliketi naye. Rafiki yangu anauliza kwa Kibari, lugha ya kwao, kama anapiga soga tu, kisha ananitafsiria, mimi naandika. Lawa, ile shuka ya begani, ilikuwa rangi gani? Nyekundu. Shanga? Nyeupe, kiunoni na miguuni. Udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya simsim ulipakwa wapi? Kwenye paji la uso. Wiki ya kwanza mzee alijibu akitabasamu. Ya pili akaanza kujibu tusiyouliza. Akawa anaomba chai vikombe viwili, kimoja akikisogeza mbele ya kiti kitupu.

Rafiki yangu alifurahi eti mzee anakumbuka. Mimi nilisema tuache, akanicheka.

"Nyinyi Wakenya naogopa bure."

Nikafungua daftari ukurasa mpya. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Alhamisi swali lilikuwa la bega: fundo la lawa lilikaa upande gani? Mzee akagusa bega la kulia. Kisha akatikisa kichwa, akasema jambo. Rafiki yangu alichelewa kunitafsiria.

"Yeye nasema hapana, kushoto. Nasema jana usiku ilikuwa kushoto."

Niliandika "kushoto".

Ijumaa, saa moja jioni, tukafanya majaribio, mzee tukidhani amelala. Rafiki yangu alipotoka jikoni amevaa kila kitu nilimwogopa, nasema kweli. Alikuja polepole kwa uzito wa shanga, na zile nyayo zake nilizozizoea hazikusikika. Sijawasha kamera, mlango ukafunguka. Mzee ambaye siku zote hupapasa ukuta alikuja moja kwa moja bila kugusa kitu. Akamshika binti yake mkono, hakushangaa hata kidogo, akamwuliza jambo. Binti akajibu maneno mawili. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.

"Amesema nini?" niliuliza.

Alikuwa anahangaika kufungua shanga. "Yeye nauliza, mtoto mimi nimeacha na nani."

"Ukamwambiaje?"

"Namwambia, mtoto nalala."

Nilitaka kumkaripia, nikashindwa. Alikuwa analia.

Jumamosi nilienda bila kamera. Rafiki yangu alikuwa na gauni lake la kila siku, anampelekea mzee uji, akamwita "Baba" kwa sauti kama kawaida yake. Mzee akaweka kidole mdomoni. Akamwita kwa jina la marehemu mkewe, akamwomba, kama nilivyotafsiriwa baadaye, apunguze sauti, mtoto asije akaamka.

Rafiki yangu aliweka bakuli chini, akatoka akinyata.