Usaili wa Tatu wa Alcina

Alcina Fortune alishindwa usaili wa polisi mara mbili. Mara ya kwanza alilia walipomuuliza kwa nini anaitaka kazi hiyo. Mara ya pili hakulia, ila kila swali alilijibu "ndiyo" au "hapana", wakamshukuru wakamruhusu aende.

"Na hii ya tatu ukishindwa, utulie hapa uchambue kungumanga," nilimwambia. Tulikuwa tumekaa benchi moja miaka sita katika ghala la kungumanga pale mjini kwetu Gouyave, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumchokoza.

"Nikipita, Merlina, wa kwanza kukamatwa ni wewe," akasema, mikono yake haisiti kuchambua.

Shangazi yake Verna, aliyemlea tangu ana miaka minne, hakutaka mzaha. Kila jioni alimketisha jikoni, akajifanya inspekta, mwiko mkononi.

"Jina lako?"

"Shangazi, jina langu unalijua."

"Mimi si shangazi yako. Jina?"

Alcina akijibu kwa kunong'ona, mwiko unagonga meza. Wiki mbili hazijaisha, majirani tulikuwa tumeyajua majibu yote.

Siku ya usaili alikuta maafisa watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye mvi. Majibu ya jikoni yalitoka vizuri, kisha yule mama akafunga faili.

"Wanaume wawili wanagombania mpaka wa shamba, kila mmoja ana panga. Uko peke yako. Utafanya nini?"

Swali hilo Shangazi Verna hakulifikiria.

"Afande, hilo limeshanikuta," Alcina akasema. "Jirani zangu wawili, ndugu wa baba mmoja. Waligombania mkungumanga unaoangusha matunda pande zote mbili. Nilienda nikakaa chini katikati yao, nikawaambia siinuki. Wakaanza kunigombeza mimi, wao wakasahau kugombana. Mwisho yule kaka mkubwa akachoka, akaenda kunywa maji."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa, afande. Miguu iliniishia nguvu. Ndiyo maana nilikaa."

Afisa mmoja aliinamisha uso, mabega yakimtikisika. Mama yule hakucheka.

"Na matunda anaokota nani siku hizi?"

"Wanapokezana wiki kwa wiki. Zamu napanga mimi, maana wao hawaaminiani."

Mama akaandika maneno mengi kwenye karatasi yake.

Alcina alirudi akiamini mambo yameharibika. Polisi gani anayekiri miguu yake ilimwishia nguvu?

"Nani alikutuma uwaeleze ukweli wote huo?" Shangazi Verna alimkaripia, huku anampakulia shelisheli la nazi, sahani imejaa hadi ukingoni.

Wiki tano zilipita. Asubuhi moja tukamwona Shangazi Verna anakuja ghalani na ndara zake za nyumbani, barua ameishika mbele kama trei. Alikuwa hajaifungua. Alcina aliipokea, akanisukumia mimi.

Nikasoma. Amekubaliwa. Mafunzo yanaanza Januari.

"Soma tena," Shangazi Verna akasema. "Polepole."

Nikasoma tena, polepole, ingawa nilikwisha kuiona nafasi tupu kwenye benchi letu. Alcina alikuwa amejifunika uso kwa aproni. Shangazi yake akaishusha taratibu, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Kanawe mikono, afande," akamwambia.