Kambare wa Mzazi

Nilimaliza kidato cha nne nikijua kuchora mdomo wa mto kwa rangi tatu, lakini mdomo wa Luiche wenyewe, ambao kutoka kwetu Kasingirima unafikika kwa miguu, sikuwa nimewahi kuuona. Nilikuwa mtu wa nyumbani. Wenzangu walishinda Kibirizi wakipakua dagaa. Mimi nilishinda jikoni kwa mama nikichambua mchele, na mtaa mzima ulijua hivyo.

Kwa hiyo yule mzazi, mwanamke aliyejifungulia kwetu, hakunichagua. Hakuwa na mwingine wa kumtuma mtoni.

Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, amepanga chumba chetu cha uani pamoja na mumewe, ambaye alikuwa akivua kambare Luiche kwa ndoana. Mwaka ule ikatoka amri kwamba wakimbizi waliokaa mjini warudishwe kambini. Mume alipandishwa lori njiani akitoka mtoni, ndoo yake mkononi. Mke alibaki kwa sababu mama alisimama mlangoni akasema mwenye mimba ya kujifungua leo au kesho hapandi lori, labda wampandishe na yeye. Baada ya siku chache akajifungua binti.

Maziwa hayakutoka. Mama alichinja kuku wetu wa mayai. Supu akainywa, kifua kikabaki vilevile. Jirani aliyekuwa ananyonyesha alimsaidia mtoto mara mbili, kisha mumewe akamkataza, akiogopa kuonekana ana mazoea na nyumba yenye mkimbizi. Maziwa ya ng'ombe mtoto aliyatapika. Siku ya tatu kilio chake kilikuwa kimepungua hadi tukawa tunanyamaza wote ili tukisikie.

"Kwetu mzazi hupewa supu ya kambare," yule mzazi akasema. "Si samaki wa ziwani. Kambare wa mto, na mawese."

Sokoni hakukuwa na kambare. Waliokuwa wakiwavua ni hao hao waliopakiwa kwenye malori.

Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia mchele.

Nilichukua fimbo, uzi na ndoana za akiba za mume wa mzazi, nikaenda mtoni na chambo cha dagaa wabichi. Sisi watu wa ziwa tumezoea samaki anayekula mbio, nawe unavuta mbio. Mara saba niliguswa, mara saba nikavuta, mara saba ndoana ikarudi tupu, imesafishwa kama sahani ya mgeni mwenye njaa.

"Ulivuta lini?" mzazi akaniuliza niliporudi.

"Aliponigusa tu."

"Na ndoana uliiwekaje?"

"Niliificha yote ndani ya dagaa, asiione."

Akajifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika. Nikadhani analia. "Kaka," akasema, "kule ni tope tupu, kambare haoni kitu. Ananusa. Sasa ulikuwa unamficha nani?"

Mama alikuwa ameuweka utumbo wa yule kuku kwenye kopo kwa ajili ya paka. Mzazi akaniamuru niuanike juu ya bati, kopo likiwa wazi, mpaka kesho. Ndoana nizinoe kwenye jiwe hadi zikwaruze ukucha. Chambo nikifunge kwa uzi wa kushonea ili kisivuliwe kama kofia, na ncha ya ndoana ikae nje. Kisha akashika mwisho wa uzi wangu, akaketi mkekani na mtoto mapajani, mimi nikasimama na fimbo kwenye mlango wa jiko. Yeye ndiye kambare.

Akagusa. Nikavuta.

"Rindira," akasema; ndiyo subiri ya kwao. "Hapo anaonja. Mdomo wake ni mfupa, ukivuta sasa unakwaruza mfupa."

Akagusa tena. Nikavuta tena.

"Mama, huyu mwanao anafukuzwa na nani?"

Baba yake hakuwa na saa, akanieleza. Uzi ukianza kutembea, mzee yule alisali Baba Yetu taratibu, na akifika pale pa mkate ndipo alipovuta, chini na kwa ubavu, si juu kama mtu anayechota maji kisimani.

"Na sisi Waislamu tutavutia wapi?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Asome ya kwenu, mama."

"Huyu? Alhamdu anavyoikokota, samaki atakuwa ameshafika Kongo."

Nikasema Baba Yetu naijua, nimeisikia shuleni kila asubuhi kwa miaka minne. Tukafanya mazoezi hadi uzi ukamponyoka mkononi kwa uchovu. Wakati huo ndipo nilipogundua kwamba mtoto hajalia tangu adhuhuri.

Kesho yake nilipita mtaani na kopo langu, watu wakinipisha kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata. Utumbo ulitosha ndoana nne. Ya kwanza ilinasa kwenye mizizi. Ya pili mkono ulivuta wenyewe kabla sijaushauri. Ya tatu, kiboko aliibuka ng'ambo, mbali kabisa, nami nikakimbilia kwenye mashamba ya mpunga. Niliporudi uzi ulikuwa umekatika.

Ikabaki moja. Nilirusha, nikachuchumaa. Nikamwona akilini mtoto mapajani mwa mamaye, kimya. Uzi ukaguswa. Nikauma midomo. Ukaguswa tena, ukatulia, kisha ukaanza kutembea kuelekea katikati, polepole, kama mtu anayejua anakokwenda.

Nikaanza Baba Yetu kwa sauti.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akipalilia mpunga nyuma yangu, akanyanyuka na jembe lake. "We kijana," akasema, "umebatizwa lini?"

Ningemjibu, ningepoteza mahali nilipofika. Nikafika pa mkate. Mkono ukakataa. Nikivuta sasa nikamkosa, nitarudi kumwambia nini yule mzazi? Uzi ukazidi kwenda. Nikapita mkate, nikapita makosa, nikapita vishawishi, na kwenye amina nikavuta, chini na kwa ubavu, hadi nikaanguka kwenye tope. Uzi haukurudi mtupu. Yule mzee ndiye aliyeniinua na kunisaidia kumburuta kambare, akisema "Astaghfirullah" bila kueleza anamwombea nani, mimi au samaki.

Nyumbani, mzazi alitaka ampasue mwenyewe, hapo hapo mkekani. Kisu kikaenda, kikaenda, akaikuta ndoana ndani kabisa ya tumbo.

"Kaka, ulivutia wapi?"

"Amina."

"Hukumvua huyu. Umemlisha akashiba."

Alikunywa bakuli mbili za supu yenye mawese, jasho likimtiririka, akalala, akaamka, akanywa nyingine. Baada ya alasiri akaita. Khanga ilikuwa imelowa upande mmoja kifuani. Mama akamweka mtoto kwenye titi. Akashika, akaachia. Akashika tena. Tukanyamaza kama tulivyozoea siku zile, mimi nikiwa bado nanuka utumbo wa kuku, na safari hii tukamsikia akimeza.

Mama akanisukumia ungo.

"Mchele bado," akasema.