Marietha na Mstari wa Ziwa Nyasa

Marietha Ndomba ana duka la steshenari pale Mwenge, ng'ambo ya vibanda vya wachonga vinyago. Anatoa kopi, anachapa barua za watu, anapiga picha za pasipoti. Ukimwona nyuma ya meza yake, miwani imemshuka puani, humdhanii kuwa mtu wa kinyongo. Lakini kinyongo chake alikipika kama makongoro: moto mdogo, bila haraka, mpaka nyama ikaachia mfupa. Sie majirani zake wa Kimara tulikuja kujua baadaye, na wapo ambao mpaka leo hawaamini.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Augustine. Walizaliwa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na baba yao alipofariki mama yao, Rosalia, akawaleta Dar. Augustine alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Siku akiwa na nafuu alitembea hadi barabarani na kurudi. Siku maumivu yakimshika hata kugeuka kitandani ilikuwa shida. Kazi ya kuajiriwa hakuiweza. Alichokuwa nacho ni kompyuta kuukuu iliyotoka dukani kwa dada yake, na ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuchora.

Aliijua kupitia kundi la vijana waliochora mitaro na vichochoro vya Tandale ili mafuriko yakija watu wajue maji yatapita wapi. Wenzake walitembea matopeni na simu, yeye akabaki nyumbani akiingiza walichokusanya. Tandale ilipokwisha, akageukia kwao. Akachora Lituhi nyumba kwa nyumba, kisima, zahanati, njia ya kwenda makaburini. Mama Rosalia aliketi pembeni yake na kumwambia, hapo si kwa Kumburu, sogeza, kwa Kumburu ni karibu na mto.

Kisha akafika kwenye maji. Ziwa lile lina ugomvi wa miaka mingi. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Malawi inasema maji ni yake hadi kwenye mchanga wa upande wetu. Kwenye ramani ile wachoraji walikuwa wakifutiana mistari, leo huyu, kesho yule. Augustine alichora yote miwili, ule wa katikati na ule wa ufukweni, kwa vipande vipande vilivyoachana, na pembeni ya kila mmoja akaandika kwamba nchi fulani inadai hivi na nchi fulani inadai hivi, bado hawajakubaliana. Wachoraji wa Malawi walimshukuru. Mwalimu mmoja wa kule, Chimwemwe, akawa anaandikiana naye mara kwa mara.

Rafiki yake mkubwa katika kazi hiyo alikuwa Gervas, kijana wa Temeke, msemaji mzuri, aliyekuja Kimara kila Jumamosi na kula ugali wa Mama Rosalia kama mtoto wa nyumba hiyo. Gervas hakuupenda mstari wa ufukweni.

"Braza, wewe ni Mtanzania au nani?" alimwambia siku moja, Marietha akiwapo. "Unawachorea wale jamaa ziwa letu?"

"Sijawapa ziwa," Augustine akajibu. "Nimechora ugomvi ulivyo. Nikiufuta mstari wao, ugomvi utaisha?"

Mwaka ule Augustine alilazwa, nyonga ikafanyiwa upasuaji. Kabla ya kwenda alimpa Gervas neno la siri la akaunti yake, ili amalizie vijiji vya kusini mwa Lituhi vilivyokuwa vimebaki nusu. Gervas hakugusa kijiji hata kimoja. Alitumia akaunti ile kufuta mstari wa ufukweni. Ukirudishwa, anafuta tena, na kila anapofuta anaandika matusi: wezi wa maji, njaa zenu zimewatuma, na mengine ya kuwatukana wazazi. Alipotoka hospitali, Augustine alikuta amefungiwa moja kwa moja, na jina lake limewekwa hadharani kama mharibifu.

Alimpigia Gervas simu, Marietha akisikia.

"Waambie tu ukweli, Gervas. Sitaki kingine."

"Ngoja kwanza, kaka. Hii ishu itapoa. Mimi hapa wananifikiria kunifanya msimamizi wa ramani ya nchi nzima, nikisema sasa hivi nitaharibikiwa."

Haikupoa. Gervas akawa msimamizi, akapata na kazi kwenye shirika moja la mambo ya ramani. Jumamosi akaacha kuja. Augustine alikuwa akifungua kompyuta, anaitazama Lituhi aliyoichora mwenyewe na ambayo haruhusiwi tena kuigusa, halafu anaifunga. Kabla mwaka haujaisha, kifua kikambana, akafariki.

Msibani Gervas alikuja. Alivaa shati jeusi, akaomba kusema neno kwa niaba ya wachoraji. Tulikuwepo chini ya turubai, tulimsikia.

"Marehemu alikuwa na kipaji," alisema. "Alikosea mwishoni, kama binadamu. Lakini sisi wenzake tulishamsamehe."

Mama Rosalia hakuelewa, akaitikia amina. Marietha alikuwa amebeba sinia la vikombe. Alilitua chini taratibu, akamtazama Gervas mpaka alipokaa. Dada mmoja wa jumuiya anasema alimsikia akirudia peke yake jikoni, "Tulishamsamehe. Tulishamsamehe," kama mtu anayekariri.

Kwanza alijaribu njia iliyonyooka. Aliwaandikia wasuluhishi wa ramani ile, wale wanaoamua nani afungiwe, akaeleza kwamba mdogo wake alikuwa kwenye kitanda cha hospitali matusi yalipoandikwa. Wakamjibu kwa upole kwamba wanampa pole, lakini mwenye akaunti ndiye anayewajibika, na anayetoa neno la siri amejitakia. Alilisoma jibu lile dukani, mteja akisubiri kopi za vyeti. Akampa mteja kopi zake. Toka siku hiyo hakuomba tena haki.

Alifungua akaunti kwa jina la Mwajabu wa Temeke. Akajifundisha kuchora, mwanzo vibaya, nyumba zimepinda kama chapati, baadaye vizuri. Alichora Mbagala, alichora Tandika, kila wateja walipopungua dukani. Watu wa ramani wakamzoea Mwajabu, mwanamke mpole asiyegombana na mtu. Na Gervas, msimamizi, akaanza kumsifu. Marietha alimpokea kwa unyenyekevu, kaka hivi, kaka vile, naomba nifundishe. Pole pole akamgusa pale panapowasha. Hivi kaka, ule mstari wa ufukweni mtauacha mpaka lini? Sie wengine unatuuma. Laiti ningekuwa na ujasiri kama wako.

Gervas alijibu kwamba mikono yake imefungwa, msimamizi hawezi kufuta wazi wazi.

Wakati huohuo Marietha alimwandikia Chimwemwe kwa jina lake halisi. Alitegemea kutukanwa. Mwalimu yule alimjibu siku ileile. "Mtu aliyechora dai letu kwa mkono wake mwenyewe asingetuita wezi," aliandika. "Sikuwahi kuamini kuwa ni yeye. Sikujua tu ni nani." Kwa hiyo aliyemwamini Augustine alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, yule tuliyeambiwa ndiye adui.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Mwajabu akamwambia Gervas kwamba anakaribia kujifungua, ana kazi ya mitaa ya Tandika haijakamilika. Angeweza kumsaidia kwa kutumia akaunti yake? Akampa neno la siri. Huku nyuma Marietha na Chimwemwe walikwisha kuwaarifu wasuluhishi: akaunti hii kuanzia leo iko mikononi mwa Gervas, mwenyewe haigusi, angalieni kitakachotokea. Kwamba alikuwa ameutia moto mafuta kwa miezi, Marietha hakumwambia Chimwemwe. Hilo alilimeza.

Gervas alivumilia kidogo. Kisha mstari wa ufukweni ukafutika. Chimwemwe akaurudisha. Ukafutika tena, na chini yake yakaandikwa maneno yaleyale: wezi wa maji, njaa zenu zimewatuma. Hata matusi ya wazazi hakuyabadilisha. Wasuluhishi waliyaweka ya zamani na mapya pamoja, wakaona mtu ni mmoja. Akafungiwa, akavuliwa usimamizi. Jina la Augustine likasafishwa mbele ya watu wote wa ramani. Shirika nalo likamwachisha Gervas kazi, maana kazi yenyewe ilikuwa inategemea heshima hiyo.

Marietha alifunga duka mapema siku hiyo, akanunua kuku wa kuchoma, akala peke yake chumbani kwa Augustine. Alituambia mwenyewe: "Nilikula mpaka mifupa. Sijawahi kuonja chakula kitamu namna ile."

Wiki hazikupita nyingi, mke wa Gervas, Tekla, akaja dukani Mwenge na mtoto mgongoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa."

"Mume wangu amegundua kuwa Mwajabu ni wewe. Halali, hali. Nimekuja kumwombea, dada. Waambie wale watu wamfungulie."

"Mdogo wangu aliomba sentensi moja tu," Marietha akasema. "Moja. Akanyimwa mpaka akafa."

"Najua. Sikujua zamani, sasa najua."

"Basi mwambie aje Kimara siku ya misa ya kumbukumbu ya Augustine. Aliyoyasema msibani ayakanushe, mbele ya watu walewale."

"Na akisema, utamsamehe?"

Marietha alishika karatasi zilizokuwa mezani, akazipanga. "Mwambie aje."

Akaja. Tulikuwa tumeketi uani baada ya misa, na Gervas alisimama, amekonda, sauti ile nzuri imemkauka. Alisema yote: hospitali, neno la siri, matusi, na ile simu aliyoombwa ukweli akajibu itapoa. "Augustine hakukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyekosa, nikasimama hapahapa nikamsamehe kwa kosa langu." Safari hii Mama Rosalia alielewa. Alilia kimya, akiuma upindo wa kanga. Alipomaliza kulia alijifuta, akapakua wali na maharage, akaweka na kipande cha samaki, akamwita Gervas mkekani.

"Marietha, mnawishe mgeni mikono," akasema.

Marietha alichukua birika na bakuli. Alifika mbele ya Gervas, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mikono.

"Nimekusikia," akamwambia. Kisha akaviweka vyombo chini, vikiwa na maji yake, akaenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria.

Tekla ndiye aliyeinama akamnawisha mumewe.

Akaunti ya Mwajabu Marietha aliifunga mwenyewe. Ya Augustine ilifunguliwa, lakini haingii mtu. Siku hizi Marietha anachora kwa jina lake. Alivimaliza vile vijiji vya kusini mwa Lituhi, na mwalimu wa Malawi humsaidia kuilinda mistari yote miwili. Wasuluhishi walimuuliza kama, kwa upande wa familia, Gervas anaweza kurudishwa baada ya muda. Alijibu hapana. Wakamuuliza tena mwaka uliofuata, akajibu vilevile.

Gervas sasa anauza vifaa vya simu karibu na Mwenge, na hupita pale dukani. Humsalimu. Marietha huendelea na kopi zake.

Juzi tulikuwa naye barazani, mama yake akamuuliza mbele yetu, "Mwanangu, utachoka lini?"

"Sijui, mama," akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Bado sijaanza kuchoka."